Kirusi cha Kuombea Maji Kabla ya Safari: Programu ya Simu, Masomo ya Sauti, Darasa au Mwalimu wa Mtandaoni?

Tiketi imeshakatwa au barua ya chuo imeshatoka, na kabla ya ndege imebaki miezi miwili mitatu. Anayekwenda Moscow, Kazan, Voronezh au hata Minsk huuliza swali hilohilo: Kirusi nikianze vipi kabla sijaondoka? Jibu utakalopata linategemea umemuuliza nani. Mzee aliyesoma Chuo cha Lumumba cha Moscow miaka ya sabini atakwambia usijisumbue, utafundishwa hukohuko. Kijana aliyeondoka mwaka juzi atakwambia pakua programu kwenye simu. Mfanyabiashara atakwambia tafuta mkalimani, yaishe. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaisimulia safari yake.

Hapa tunaweka mezani njia nne ambazo mtu wa Dar, Mombasa, Bujumbura au Bukavu anaweza kuzifuata akiwa bado kwao: programu ya simu, masomo ya kusikiliza, darasa la ana kwa ana, na mwalimu binafsi wa mtandaoni. Kila moja inafundisha Kirusi cha aina yake. Moja inanoa macho, nyingine masikio, nyingine mdomo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: wiki yako ya kwanza kule utakuwa unasoma zaidi, unasikiliza zaidi au unajieleza zaidi?

Na tupunguze matarajio mapema. Chuo kinachowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani kinakadiria kuwa mtu anayezungumza Kiingereza anahitaji takriban wiki 44 za masomo ya kutwa ili akimudu Kirusi kikazi. Kiswahili wamekipa wiki 36. Katika mitihani rasmi ya Kirusi kwa wageni, ngazi ya chini kabisa, yaani A1, ina msamiati wa maneno 780 hivi, na ngazi ya B1 inayohitajika kuingia vyuo vinavyofundisha kwa Kirusi ina maneno kama 2,300. Anayekuahidi ufasaha kwa siku 30 anataka hela yako. Kinachowezekana kwa miezi miwili mitatu ni kusoma vibao, kusalimia kwa adabu, kuuliza bei, kutaja namba na saa, na kuelewa unapoulizwa jambo dogo dukani au getini.

Tunapima kwa vigezo gani

*Herufi.* Alfabeti ya Kirusi ina herufi 33, na inatisha kuliko inavyostahili. А, К, М, О na Т unazijua tayari. Zinazopotosha ni zile zenye sura ya kwetu na sauti ya kwao: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Ukizishika hizo sita tu, РЕСТОРАН na КАССА zinajisoma zenyewe. Ongeza Б, П na Л, unapata БАНК, ПАСПОРТ, ТУАЛЕТ na АПТЕКА, ambalo ni duka la dawa. Jioni chache zinatosha kwa kazi hii. Asiyeifanya atasimama mbele ya milango miwili, mmoja umeandikwa ВХОД na mwingine ВЫХОД, asijue upi wa kuingilia na upi wa kutokea. (Wa kwanza ndio wa kuingilia.)

*Kusikia na kusema.* Hapa mtu wa Kiswahili ana mtaji. R ya kutetemesha ulimi tunayo, sh na ch tunazo, ny tunayo, na aliyezoea kutamka Khamis na kheri ameshamaliza shughuli ya Х. Ngeni ni chache: Ж, ambayo ni kama sh iliyotiwa mngurumo, Щ, na ile irabu Ы inayotoka nyuma ya kinywa kama umepigwa ngumi ya tumbo. Tatizo letu hasa ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila kufikiri. Kirusi kinahamisha mkazo kinavyotaka na hakiuandiki. Juu ya hapo, o isiyokazwa hutamkwa a: молоко, maziwa, ni *malakó*, хорошо, vizuri, ni *kharashó*, hata Москва yenyewe ni *Maskvá*. Kwa sababu hiyo sikuwekei hapa kitabu kitupu kisicho na sauti kama njia ya tano. Utajifunza maneno mengi ambayo hakuna atakayeyaelewa yakitoka kinywani mwako.

*Sarufi.* Habari njema: "Mimi mwanafunzi" kwa Kirusi ni Я студент, maneno mawili, bila kitenzi katikati, kama tunavyosema sisi. Habari nyingine: nomino hubadilika mkia kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa hali sita. Kibao kimeandikwa Москва, lakini anayekwenda anasema в Москву, aliyeko anasema в Москве, anayetoka anasema из Москвы. Pesa nayo ina vituko vyake: rubli moja ni один рубль, mbili ni два рубля, tano ni пять рублей. Mtu aliyekua na ngeli hashtuki sana akiona maneno yanavutana hivi, ila anahitaji mtu wa kumwonyesha mpangilio.

*Adabu.* Kirusi kina ты (*ty*) ya rafiki na mtoto, na вы (*vy*) ya mkubwa, mgeni na ofisi. Mwalimu wa chuo huitwa kwa jina lake na jina linalotokana na la baba yake, mfano Ivan Petrovich, si "Mista" wala "Profesa" tupu. Ukimwambia mkuu wa kitivo "Привет!" umefanya sawa na kumwambia babu yako "Mambo!".

*Pesa, bando na nidhamu.* Hizi hazihitaji maelezo.

Programu ya simu

Duolingo ndiyo inayojulikana zaidi, ila Busuu na Memrise nazo zinafuata mtindo uleule: vipande vya dakika tano kumi, picha, kurudiarudia, na kengele inayokukumbusha kila siku.

*Herufi.* Hapa programu zinashinda karibu kila kitu. Herufi unaiona, unaisikia, unaigusa, unakosea, unarudia, na hakuna anayekucheka. Weka kibodi ya Kirusi kwenye simu tangu siku ya kwanza, maana ukizoea kuandika *spasibo* kwa herufi za kwetu, macho yanabaki mavivu. Upungufu wake ni kwamba zinafundisha herufi za chapa tu. Warusi wakiandika kwa mkono huunganisha herufi, na sura zinageuka: т inakuwa kama m, и kama u, д kama g. Neno тут, yaani hapa, ubaoni linaonekana kama *mym*. Mtalii hatajali. Mwanafunzi atajali asubuhi ya kwanza darasani.

*Kusikia na kusema.* Sauti za programu ni safi mno, na zinasubiri. Maisha hayasubiri. Chukua duka la kawaida la chakula. Umefika kwa keshia na mkate wako, unajua kusema "mkate" na "asante", unajiona umekamilika. Keshia haangalii hata uso wako, anatupa maswali mfululizo: *Paket núzhen?* (unataka mfuko?), *Kárta yest?* (una kadi ya dukani ya punguzo?), *Nalíchnymi íli kártoy?* (taslimu au kadi?). Hayo maswali matatu utayasikia kila siku utakayokuwa Urusi, na somo la tufaha na paka wa bibi halikuandai nayo. Jibu la mwisho kwa mgeni huwa *nalíchnymi*, taslimu, kwa kuwa tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko.

*Sarufi.* Unajifunza kwa kubahatisha hadi mpangilio uonekane. Wapo wanaofurahia hivyo. Wengine hufika hali ya tatu wakachoka, maana maelezo ni machache.

*Adabu.* Hafifu. Utafundishwa ты mapema na mara nyingi, na вы kama kitu cha pembeni.

*Pesa, bando na nidhamu.* Toleo la bure lipo, lina matangazo na kikomo cha makosa au mazoezi kwa siku. Bando linalotumika si kubwa. Lakini zinakutaka upitie Kiingereza au lugha nyingine kubwa kama Kifaransa, kwa hiyo asiyeimudu anajifunza lugha mbili kwa mpigo. Nidhamu inajengwa na ile hesabu ya siku mfululizo, na mtego uko papo hapo: mtu anailinda hesabu kwa somo moja jepesi kabla ya kulala, wiki nane zinapita, namba inapendeza, na Kirusi kiko palepale.

Inamfaa anayeanza sifuri kabisa, mwenye muda wa vipandevipande, na mtalii ambaye vibao na menyu ndio wasiwasi wake mkubwa.

Masomo ya kusikiliza

Hapa naweka kozi za sauti kama Pimsleur, ambayo somo lake moja ni nusu saa na kila ngazi ina masomo 30, pamoja na podikasti za Kirusi kwa wanaoanza. Wasomaji wa Kongo na Burundi waliozoea Kifaransa wana Assimil, kitabu chenye mazungumzo na sauti zake, kwa hiyo hawalazimiki kuzunguka kupitia Kiingereza.

*Herufi.* Karibu hakuna. Hili ndilo pengo lake, na ni kubwa. Anayetegemea sauti peke yake anashuka uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow, akiwa anaongea vizuri kuliko anavyosoma, jambo la ajabu kidogo kwa mtu mzima.

*Kusikia na kusema.* Hapa ndipo penye utajiri. Kozi nzuri ya sauti inakuuliza swali, inanyamaza, inakulazimisha ujibu kwa sauti, kisha inakupa jibu sahihi. Mkazo unaingia masikioni kabla macho hayajaharibu kazi: utasema *spasíba* kwa sababu ndivyo ulivyosikia, wala hutajua kwamba imeandikwa na o mwishoni. Salamu ya heshima, здравствуйте, ukiitazama kwenye karatasi unakata tamaa. Ukiisikia mara kumi ni *zdrástvuyte* tu, v ya kwanza imemezwa. Sikio likishafunguka, hata treni ya chini ya ardhi inakuwa mwalimu. *Astarózhna, dvéri zakryváyutsa*, tahadhari, milango inafungwa: utaisikia mpaka uiote. Na Moscow wana utaratibu mzuri kwa mgeni mwenye masikio: kwenye njia zinazokatiza jiji, sauti ya kiume ikitangaza vituo unaelekea katikati ya mji, ya kike unatoka nje. Kwenye njia ya duara, ya kiume ni mwendo wa saa.

*Sarufi.* Unaimeza bila kujua. Utasema *v Maskvé* sawasawa na usijue kwa nini. Kwa safari ya wiki mbili hiyo inatosha kabisa. Kwa mwaka wa masomo, haitoshi.

*Adabu.* Ni nzuri kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa mazungumzo mengi ya kozi hizi ni ya wageni wawili kukutana, na wageni huitana вы.

*Pesa, bando na nidhamu.* Kozi kubwa zinalipiwa na si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi. Podikasti nyingi ni za bure. Ukishapakua kwa waifai, bando hulihitaji tena. Kwa mkaaji wa Mbagala au Kimara anayepoteza saa nzima kwenye foleni asubuhi na nyingine jioni, hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayogeuza daladala kuwa darasa. Ila ujue utakuwa unajibu kwa sauti. Abiria watakutazama.

Inamfaa mfanyabiashara, anayekwenda kwenye mkutano, anayekwenda kuwaona wakwe, na yeyote anayechoka haraka akiwa mbele ya skrini.

Darasa la ana kwa ana

Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi ya Afrika haina: Kituo cha Utamaduni cha Urusi kipo miaka mingi na hufundisha Kirusi. Kwingineko utategemea chuo kikuu au shule binafsi ya lugha. Na kuna hazina ambayo watu huisahau. Chuo cha Lumumba kilianzishwa 1960, na tangu hapo madaktari, wahandisi na wanasheria wengi wa Afrika Mashariki wamesomea Moscow, Kiev, Leningrad na Tashkent. Wengi wamestaafu, wapo mitaani, na ukimwendea mmoja wao kwa heshima, "Shikamoo mzee, nasikia ulisoma Urusi, nami nakwenda," jiandae kukaa jioni nzima. Kirusi chake kinaweza kuwa cha zamani kidogo na sarufi anaikumbuka vipandevipande, lakini ndiye pekee atakayekueleza kwa Kiswahili.

*Herufi.* Darasa linafundisha chapa na mwandiko wa mkono. Daftari lenye mistari, herufi moja ukurasa mzima, kama darasa la kwanza. Inachosha, na mwanafunzi wa chuo ataishukuru.

*Kusikia na kusema.* Inategemea idadi ya watu. Darasa la watu sita, unaongea. Darasa la watu 25, unasikiliza mwenzako akikosea, nawe unasubiri zamu ambayo huenda isifike.

*Sarufi.* Hakuna njia inayolishinda darasa hapa. Mwalimu anachora jedwali la hali sita, anakuambia leo tunachukua moja, wiki ijayo nyingine. Aliyezoea kusoma kwa mtindo wa shule atatulia.

*Adabu.* Hii unaipata kwa kuiishi. Mwalimu Mrusi atakutaka umwite kwa majina yake mawili, usimame ukijibu labda, na uchelewapo uombe radhi mlangoni. Ukifika chuoni kule hutashangaa chochote.

*Pesa, bando na nidhamu.* Ada ya darasa la kundi kwa kawaida si ya kuumiza, lakini hesabu na nauli, na hesabu muda. Somo la saa moja na nusu linaweza kula saa nne za siku yako. Muhula wa darasa pia una kalenda yake. Ukijiunga katikati umeachwa, na visa ikitoka mapema unaondoka kabla ya kumaliza. Nidhamu ni ya kulazimishwa, na kwa wengi wetu hilo ni jema: uliyemlipa ada na anayekujua kwa jina ni vigumu kumkwepa.

Inamfaa mwanafunzi mwenye miezi minne au zaidi mkononi, anayeishi karibu na kituo, na anayekwenda kukaa miaka.

Mwalimu binafsi wa mtandaoni

Kwenye majukwaa kama italki na Preply unachagua mwalimu, unaona bei yake kwa saa, unasikiliza video yake ya utambulisho, unapanga muda. Walimu wako nchi mbalimbali Kirusi kinakozungumzwa.

Kitu kimoja kinachotufaa na hakitajwi: Moscow na Afrika Mashariki saa zetu ni zilezile. Saa mbili usiku ya Nairobi ni saa mbili usiku ya Moscow. Bujumbura, Kigali na Bukavu wako nyuma kwa saa moja tu. Mwanafunzi wa Amerika anaamka alfajiri kumwahi mwalimu. Wewe unamkuta baada ya kazi. Angalia tu usimwambie "saa moja" kwa hesabu yetu. Akisema *v sem*, saa saba kwa saa zao, anamaanisha saa moja yetu, na ratiba ya treni itaandika 19:00 kama ni jioni. Watu wamekosa miadi kwa hili.

*Herufi.* Mwalimu wa saa moja kwa wiki ni ghali mno kutumika kwa А na Б. Njoo ukiwa unazijua.

*Kusikia na kusema.* Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Unamwambia: leo wewe ni keshia, leo wewe ni ofisa wa pasipoti, leo wewe ni mlinzi wa hosteli na mimi nimefika saa nne usiku na masanduku mawili. Anakusahihisha mkazo hapohapo. Hakuna programu inayoweza kukuambia kwamba tatizo lako ni kukaza kila neno Kiswahili-Kiswahili.

*Sarufi.* Inategemea mtu. Wako walimu waliosomea kufundisha Kirusi kwa wageni, na wako wazungumzaji tu wanaopiga soga kwa malipo nafuu. Wote wana nafasi yao, mradi ujue umelipia nani. Kwa anayeanza sifuri, mzungumzaji tu hatoshi: ukimuuliza kwa nini ni *rublyá* na si *rubléy*, atakujibu "ndivyo tunavyosema".

*Adabu.* Mwulize moja kwa moja. Atafurahi.

*Pesa, bando na nidhamu.* Hii ndiyo njia ghali kwa saa, na ndiyo nafuu kwa matokeo ukiitumia vizuri. Malipo huhitaji kadi. Za mtandaoni zinazotolewa kupitia M-Pesa huwasaidia wengi wasio na kadi ya benki. Bando ni la video, si mchezo, na umeme ukikatika katikati ya somo hela imekwenda. Asiye na hela ya mwalimu ajaribu kubadilishana: Kiswahili kinafundishwa Chuo Kikuu cha Moscow na kile cha St. Petersburg, na wanafunzi wake wanatafuta watu wa kuongea nao kama wewe unavyowatafuta. Nusu saa Kirusi, nusu saa Kiswahili. Hailipiwi, ila inadai uvumilivu, maana mwenzako naye anaanza.

Inamfaa aliyebakiwa na wiki chache, anayejua hasa atakachokutana nacho, na mwenye haya ya kuongea mbele za watu.

Na kutojifunza kabisa?

Si wazo la kijinga kama linavyosikika. Wanaokwenda kwa ufadhili wa serikali ya Urusi bila kujua lugha hupewa kwanza mwaka wa maandalizi, unaoitwa *podfak*, ambako kazi yako kutwa ni Kirusi. Wengi walifika bila neno na wakamaliza shahada. Lakini podfak haianzi uwanja wa ndege. Kabla yake kuna hosteli, kuna usajili wa makazi, kuna vipimo vya afya, na kila dirisha linataka *spravka*, ile karatasi ya kuthibitisha jambo, kutoka dirisha jingine. Aliyekuja na herufi na salamu anaipita wiki hiyo akiwa na heshima yake.

Kuhusu programu za kutafsiri, pakua Kirusi cha kutumika bila intaneti kabla ya kuondoka. Kamera ya simu juu ya menyu au tangazo ukutani inasaidia sana. Usiifanye nguzo, kwa sababu tangu 2025 intaneti ya simu imekuwa ikizimwa mara kwa mara sehemu nyingi za Urusi, na siku ikizimwa ndiyo siku utakayopotea njia.

Kwa hali yako

Una safari ya wiki moja au mbili, utalii au maonyesho ya biashara: programu ya simu kwa wiki mbili za kwanza, herufi tu, halafu masomo ya sauti hadi siku ya kuondoka. Sarufi achana nayo. Jifunze namba hadi elfu kabla ya kujifunza rangi na majina ya wanyama.

Una mwaka wa podfak mbele yako: huna haja ya kutumia hela nyingi. Herufi za chapa, mwandiko wa mkono, salamu za вы, namba na saa. Darasa likiwa karibu, nenda. Likiwa mbali, mzee aliyesoma huko na daftari la mistari vinatosha.

Unakwenda kusomea udaktari kwa Kiingereza: wewe ndiye unayedanganyika kirahisi kuliko wote. Mihadhara itakuwa ya Kiingereza, lakini wagonjwa utakaowahoji wodini ni Warusi, na bibi wa miaka 80 mwenye kifua hatakueleza kwa Kiingereza. Anza na darasa au mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na uendelee naye ukiwa huko, kwa sababu chuo hakitakusukuma kama kinavyowasukuma wa podfak.

Umebakiwa na wiki tatu: herufi kwenye programu siku nne za kwanza, kisha mwalimu wa mtandaoni mara mbili kwa wiki, maigizo matupu. Duka, teksi, hosteli, pasipoti.

Huna hela kabisa na bando ni la kuunga: podikasti zilizopakuliwa kwa waifai ya mtu, toleo la bure la programu, na mwenza wa kubadilishana lugha. Itachukua muda mrefu zaidi, basi anza leo.

Unakwenda Kazakhstan, Kyrgyzstan au Belarus: yote yaliyosemwa hapa yanafanya kazi, Kirusi kinatumika kote huko. Kazakhstan na Kyrgyzstan vibao vingi ni vya lugha mbili, na Kikazakh na Kikirgizi navyo vinaandikwa kwa herufi za Kisirili zenye nyongeza zake, kwa hiyo ukikuta herufi usiyoijua, si kwamba umesahau somo.

Na kama kinachokupeleka ni ajira, hakuna hata moja kati ya njia hizi itakayokutosha kwa jambo moja: mkataba. Kirusi cha kuombea maji hakisomi mkataba. Zimekuwapo habari za vijana wa Afrika, Wakenya wakiwemo, waliosaini karatasi za Kirusi wakidhani ni za kazi ya ulinzi au kiwandani, wakajikuta jeshini kwenye vita vya Ukraine. Kila karatasi itafsiriwe na mtu ambaye si wakala wako, kabla ya kusaini, na ikiwezekana kabla hujatoka nyumbani.